Safu ya Polisi

Tangu alfajiri Mushagalusa hakutulia. Aliketi kwenye benchi la kambi ya wazima moto, akainuka, akaenda getini kutazama barabara ya Ibanda, akarudi kukagua mipira ya maji aliyokwisha kuikagua mara tatu. Mjumbe wa Kinshasa alikuwa anakuja kupanga bareme, yaani viwango vipya vya mishahara ya watumishi wa serikali. Nchi ilikuwa na miezi miwili tu tangu iitwe Zaïre, na kila karatasi ya zamani ilikuwa inaandikwa upya.

Karatasi ya mjumbe ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto ilikuwa ya polisi: mshahara wa watu wa hatari, na pensheni kwa anayeumia kazini. Ya kulia ilikuwa ya vibarua, wafagia barabara na wafyeka majani. Wazima moto, ambao mji mzima uliwaita pompiers, hawakuwa na safu bado, na karani mmoja alikwisha kusema kwamba watu wanaoshinda wakiosha gari wanafaa safu ya kulia. Neno hilo lilimkaa Mushagalusa kooni kama mwiba wa samaki. Alimkumbuka mwenzake Déogratias, aliyeungua mikono yote miwili akimtoa mtu ghalani, akarudishwa kwao Mumosho na blanketi moja na asante. Sasa Déogratias alilishwa na mkewe kama mtoto mchanga, akingoja pensheni ya safu ya kushoto.

Mushagalusa ndiye msemaji wa wenzake, na ndiye aliyetoa wazo. Mtu wa Kinshasa hashibi maneno, alisema. Ayaone maji yakiruka. Mkuu wao, adjudant Évariste, aliyependa wageni kuliko alivyochukia moto, alikubali papo hapo.

Basi saa tatu mjumbe akafika, bwana Apollinaire, mnene, faili kwapani. Wanaume kumi na wawili wakapiga saluti, Mushagalusa akafungua tanki, maji yakapanda juu ya paa na kuanguka upande wa pili. Mjumbe akapiga makofi. Kusikia makofi, wakaongeza, na kuongeza tena, hadi mpira ukalegea mikononi mwao. Niambie wewe, nani mwingine angemwaga maji ya kuzimia moto ili aonekane anastahili mshahara wa kuzima moto? Lakini asubuhi ile hakuna aliyewaza hivyo. Walikuwa wanacheka.

Haikupita nusu saa, mtu akaja mbio kutoka mtaa wa Kadutu, mlimani. Jiko la mafuta lilikuwa limelipuka kwa mama Eulalie, fundi cherehani. Gari lilipanda mlima kwa kelele, watu wakapisha njia na kushangilia. Mushagalusa akaruka chini, akafungua tanki. Mpira ulikohoa, ukatoa matone, ukanyamaza. Maji yakimwagika hayazoleki. Kuteremka ziwani, kujaza kwa pampu na kupanda tena kulichukua saa nzima, na waliporudi palibaki mabati yaliyojikunja na vyuma vya cherehani tatu. Hakufa mtu. Ila mama Eulalie alikuwa amesimama barabarani akiwatazama, na Mushagalusa aliona aibu.

Alasiri tanki lilikuwa limejaa tena. Mjumbe alirudi kutoka mezani kwa Évariste, ameshiba samaki, safari hii na mpiga picha. Alikuwa ameambiwa kwamba moto ulizimwa vizuri. Akasema warudie mchezo wa asubuhi, kidogo tu, wapigwe picha, kisha yeye atawaandika kushoto, pamoja na polisi. Évariste alikwisha kuwapanga watu mstari. Na getini alisimama mama Eulalie, majivu kwenye kitenge; alitaka kuuliza swali moja, mlinzi akamwambia angoje.

Mushagalusa alishika ufunguo wa tanki. Kidogo tu, alijiambia. Aliiona mikono ya Déogratias. Kichwa kilimwambia fungua, na mkono ukakataa. Alitamani mtu amnyang'anye ufunguo ule, lakini wote walikuwa wanamngoja yeye. Akauvuta, akautia mfukoni.

"Mukubwa, unisamehe," alisema. "Hii maji iko ya kuzimia moto. Ile ya asubuyi tulimwanga yote juu tukufurahishe, na nyumba ya ule mama pale ikaisha. Andika vile unaona."

Bwana Apollinaire alimtazama Évariste, na Évariste akatazama viatu vyake. Mjumbe hakukasirika hata kidogo. Aliketi kwenye ngazi, akafungua faili juu ya goti. Kalamu ilisimama kidogo upande wa kushoto, kisha ikaenda kulia, ikaandika taratibu, mstari baada ya mstari, majina kumi na mawili. Akafunga faili, akaaga kwa adabu, akaondoka na mpiga picha wake.

 Ignace, mmoja wa wale kumi na wawili na mdogo wake Déogratias, akamsogelea Mushagalusa karibu kabisa.

"Na mukubwa wangu kule Mumosho," aliuliza, "ni weye utamwambia?"

"Ni miye," alisema Mushagalusa.

Mama Eulalie alikuwa amekwisha kuondoka. Mushagalusa alizunguka nyuma ya gari, akagonga ubavu wa tanki kwa ngumi kutoka chini hadi juu, kusikiliza. Lilikuwa limejaa.