Mtu wa Ukurasa wa Thelathini na Moja

"Bahili we, ufe na kiu," Mageni alisema kwa sauti, na wachimbaji wawili waliokuwa wakifunga magunia ya mawe wakageuka kuona nani anatukanwa. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na pampu inayovuta maji kutoka kwenye duara, shimo lao la dhahabu, Mageni ameketi kando yake, na juu ya mapaja yake kitabu kinene kama tofali.

"Mzee kaanza tena," Boaz alimnong'oneza mwenzake.

"Nimekusikia, Boaz. Funga gunia."

Aliyetukanwa alikuwa mtu wa ukurasa wa thelathini na moja, mwenye kisima katika kijiji cha milimani, aliyewafukuza wasafiri waliomwomba maji. Mmoja wao alikuwa mjamzito. Mageni alikuwa ameshamhukumu. Kuhukumu ilikuwa kazi yake: katika machimbo yale nje kidogo ya Segese, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa duara, na aliyekosa aliletwa mbele yake. Hukumu zake zilikuwa fupi na kali. Hakuwa katili. Alijua tu kwamba machimboni neno likichelewa, mikono haichelewi. Mtu akiachwa ajieleze sana mbele ya wenye hasira, huenda asifike mwisho wa maelezo yake.

Kitabu aliachiwa na jirani yake, Mwalimu Pantaleo, alipostaafu na kuhamia Masumbwe. "Kina kurasa elfu moja na tisini na mbili," mwalimu alimwambia. "Nakuachia, lakini hata hamsini hutafika. Wewe ni mtu wa neno moja." Mageni aliacha shule darasa la nne, akachunge ng'ombe wa baba yake. Maneno yale yalimchoma kama mwiba wa mgunga. Alianza siku hiyohiyo, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea.

Ukurasa mmoja kwa siku. Siku njema, tatu. Mwanzoni alisoma kwa ubishi. Mahali fulani baada ya ukurasa wa mia mbili, ubishi ukaondoka bila kuaga, naye hata hakuona ulivyokwenda. Mvua zikapita, mpunga ukavunwa, vumbi likarudi. Nyumbani, mkewe Melania alizoea kuuliza wakati anapakua ugali, "Baba Violeth, leo watu wako wameamkaje?"

"Yule bibi kafa."

"Pole." Na alimaanisha, maana naye alishamzoea yule bibi.

Kwenye ukurasa wa mia saba na mbili, mwenye kisima alirudi. Sasa alikuwa mzee, amelala kitandani, anamwambia jirani jambo ambalo hajapata kulisema. Maji ya kisima kile yaliwaua watoto wake wawili katika juma moja. Yeye ndiye aliyewanywesha. Hakuthubutu kumwambia mtu, wala hakuweza kukifukia, kwa kuwa wanawe ndio waliomsaidia kukichimba. Basi kila mgeni aliyemwomba maji alimfukuza kwa matusi, akachagua kuitwa bahili.

Mageni alifunga kitabu. Pampu iliunguruma, maji yakamwagika mtaroni, naye hakusikia. Mwandishi alilijua jambo hili tangu mwanzo. Alinyamaza kurasa mia sita na sabini na moja, akamwacha yeye Mageni atukane. Aliinua macho, akawatazama wanawake wanaoponda mawe, akamtazama muuza uji, akamtazama Boaz anajikuna mgongo kwa ufito. Watu aliowajua miaka mingi. Ikamshika hofu asiyoifahamu, ile ya mtu aliyetupa jiwe ndani ya shimo, akatega sikio, na hasikii likifika chini.

Siku mbili baadaye walimleta Sikujua.

Sikujua alikuwa mshika winchi, mtu mzima mpole, wa maneno machache. Asubuhi ile watu watatu walikuwa chini, hewa ikawa nzito, wakatikisa kamba ili wavutwe. Juu hapakuwa na mtu. Walitikisa nusu saa, mpaka mpita njia akaona. Boaz alikuwa mmoja wa wale watatu. Macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alishika nyundo.

"Afukuzwe sasa hivi," Boaz alisema. "Na fungu lake la mawe tuligawane. Ukishindwa, mzee, sisi tutajua la kufanya."

Neno lilikuwa tayari ulimini mwa Mageni. Beba virago. Miaka kumi na moja lilikuwa likitoka lenyewe.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya maturubai."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

Watu wakafoka. Mtu mmoja alikwishaokota jiwe. Mageni akasogea, akasimama kati yao na Sikujua, mgongo wake ukiwa kwa mshtakiwa.

"Mzee, toka hapo. Mimi ndiye niliyekuwa chini."

"Najua, Boaz. Ndiyo maana nataka wewe usikie kwanza." Akageuza shingo. "Kwa nini, Sikujua?"

"Mzee, ni maneno marefu."

"Marefu nimeyazoea. Yanaanzia wapi?"

"Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Kabla sijazaliwa."

Mmoja akacheka, hakupata wa kumsaidia. Mageni akaketi chini, palepale kwenye kifusi, kama mtu asiye na pengine pa kwenda siku hiyo. Muuza uji naye akatua ndoo yake. Aliyeokota jiwe hakulitupa, lakini alichuchumaa nalo.

Boaz peke yake alibaki wima, kifua kikipanda na kushuka. Kisha, taratibu, akaiegemeza nyundo kwenye paja.

"Baba yangu," Sikujua alianza, "alikuwa anaogopa kamba."