Miraba Ishirini na Sita

Ubao wa kwanza wa mchezo wangu ulikuwa na miraba ishirini na sita, mmoja kwa kila wiki ya dawa za kifua kikuu. Niliupeleka kwenye chumba cha kusubiri cha zahanati. Wagonjwa wakacheza hadi mraba wa kumi, kisha mmoja akaanza kuchungulia simu, mwingine akasinzia waziwazi, mdomo wazi. Mimi, mwelimishaji afya niliyejigamba kwamba hadithi hufundisha kuliko mabango, nilitahayari. Nikaukata ubao, nikabakiza miraba minane. Ukifika wa nane unasoma kwa sauti: "Kikohozi kimekwisha. Umeshinda!" Wote wanapiga makofi.

"Na ile miezi minne iliyobaki umeitupa wapi?" muuguzi aliniuliza.

"Utawaeleza wewe ukiwapa dawa. Watu hawapendi hotuba."

Aliguna, akaenda zake. Nilimwona ana wivu tu.

Aliyeupa ubao ule uhai ni mdogo wangu, fundi cherehani. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akiwa amebana pini kwa meno. Yeye ndiye aliyewageuza vijidudu kuwa wapangaji wakorofi wanaohamia kifuani mwa mtu bila kubisha hodi. Aliwaigiza kwa sauti zao, mmoja mmoja, watu wazima wakacheka hadi kushika mbavu. Sifa nilipewa mimi, nami nikazipokea bila haya.

Mwaka uliofuata akaugua yeye. Hatukuogopa.

"Wapangaji wamefika, dada," alisema huku akikohoa. "Ngoja niwafungashie virago."

Alianza dawa, na mwezi wa pili kikohozi kikakatika. Akanenepa, akarudi kwenye cherehani, maneno yakarudi. Nilifurahi mno, nikaacha kumuulizauliza. Mtu mzima hachungwi kama mbuzi.

Mwezi wa saba kikohozi kilirudi na damu. Nilikwenda chumbani kwake kumfungashia nguo za hospitali. Nikitafuta pini kwenye kopo la vifungo, nikakuta vidonge, pakiti nzima, haijaguswa.

"Hivi ni nini?" Nilipiga kelele kama mwehu. "Kwa nini hukumeza?"

Hakukasirika. Alinishangaa tu.

"Si nilifika mraba wa nane, dada? Kikohozi kiliisha. Nikaviweka vimfae mwingine."

"Na zahanati hawakukutafuta?"

"Walipiga simu. Nikawaambia nimepona, na dada yangu ndiye mwelimishaji wenu. Wakaniamini."

"Ule ulikuwa mchezo!"

"Ulisema ni sayansi," akanijibu taratibu.

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Vijidudu vilivyobaki vilikuwa vimeshakuwa sugu, na dawa nyingine zilipopatikana mapafu yalikuwa yamechoka. Nilimwomba msamaha kila nilipompelekea uji, mpaka akanikataza. Alinitania kwamba namtia kichefuchefu kuliko vidonge. Siku tatu za mwisho hakutamka neno hata moja. Chiriku wetu, neno hata moja. Alikufa asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu, mimi nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mirija.

Nilikaa wiki kadhaa bila kutaka kuuona ubao. Kisha nikamfuata muuguzi, nikamwambia alikuwa sahihi. Hakunisuta, alivuta kiti tukachora pamoja miraba yote ishirini na sita. Wapangaji nimewabakiza, lakini baada ya mraba wa nane sasa wanajificha chini ya kitanda na kunyamaza, wakisubiri mwenye nyumba alegee. Sauti zao siziwezi. Nawasoma hivyohivyo, kikavu.

Jana fundi bomba mmoja, mgonjwa wa mwezi wa tatu, alifika mraba wa kumi na moja akaisukuma dadu kando.

"Mchezo wako mrefu mno, dada," alisema. "Hamna mfupi?"

"Ulikuwepo," nilimwambia. "Mdogo wangu aliushinda."