Gata la Nusu kwa Nusu

Jumatano ya tarehe kumi na nne Novemba, alasiri, mvua ikiwa haijamaliza hata robo ya hasira zake, lipu ya ukuta wa katikati ilibanduka bapa zima ikaangukia kitanda cha Spana, upande aliokuwa akilala marehemu mkewe. Matofali ya udongo yaliyokuwa nyuma ya lipu yalikuwa yamelainika kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Mawili yakateleza, yakafuata. Pakabaki tundu la ukubwa wa sinia, na kwenye tundu hilo, kutoka upande wa pili, pakatokea uso wa shemeji yake.

“Ndiyo umefanya nini sasa?” akauliza.

Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu mazishi. Spana alivaa koti, akachukua mwavuli wenye ubavu uliovunjika, akatoka kwenda kumtafuta mwenye makosa.

Jina la Spana alilipata gereji, alikozeeka akiwa chini ya malori ya watu. Shule aliiaga darasa la tatu na hakuwahi kurudi kuijulia hali. Nyumba aliyokaa haikuwa yake. Ilijengwa na baba mkwe, nyumba moja ndefu chini ya bati moja, na mzee huyo kabla hajafumba macho aliwasimamisha binti zake wawili uani, akanyoosha fimbo: huku kwako, huku kwako. Ukuta wa katikati ndio uliokuwa mpaka. Spana siku hiyo alikuwa amesimama pembeni, na fimbo haikumwelekea. Aliingia nusu ile kwa sababu mkewe aliingia. Hawakujaliwa mtoto. Mke alipofariki, Spana alibaki humo kama kiti kinavyobaki, hakuna aliyemwambia kaa wala aliyemwambia ondoka, na yeye mwenyewe hakuthubutu kuuliza. Ndugu wa damu wa marehemu alikuwa mmoja tu, yule mwenye uso tunduni.

Mwenye makosa, kwa Spana, alikuwa anajulikana kitambo. Ofisi ya mji ilipotengeneza barabara, ilimwaga zege juu ya mtaro uliopita ubavuni mwa nyumba yake, ikaufunika kabisa kama mtu anayefukia aibu. Tangu hapo maji ya upande wake hayakuwa na pa kwenda. Hilo lilimtosha kueleza mambo mengi: ukungu ukutani, mbu, magoti yake. Wakubwa walikuwa wamefunika kila kitu. Hata mkewe, ukimuuliza, hakuuawa na ugonjwa. Aliuawa na benchi la hospitali, daktari akiwa kikaoni.

Alifika ofisini akakuta wamefunga. Saa ya kufunga waliijua vizuri kuliko kazi. Kesho yake alirudi, akapigwa danadana kutoka dirisha hadi dirisha: hapa ni leseni mzee, nenda pale, pale ni makaburi, rudi hapa. Mwishowe akapaza sauti hadi walinzi wakasimama.

“Njooni muone kwa macho yenu! Nyumba inaniangukia kwa sababu yenu!”

Na wakaja. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake wakubwa kumsikiliza, na afadhali wasingemsikiliza. Alikuja mkaguzi mmoja kijana, viatu vinang’aa, akiruka madimbwi kama jogoo. Mtaro hakuutazama. Aliingia chumbani, akagonga ukuta kwa kalamu, na ukuta ukatoa sauti ya boga lililooza. Akatoka nje, akafungua kopo la rangi nyekundu, akapiga alama ya mkasi, ile ya nyumba za kubomolewa, mwisho mmoja wa nyumba, kisha mwisho wa pili.

“Huo ukuta ubomolewe na ujengwe upya kabla mwezi haujaisha,” alisema. “La sivyo inavunjwa nyumba nzima. Ni hatari kwa maisha.”

“Na mtaro wenu?”

“Mtaro si idara yangu, mzee.”

Shemeji alitoka kwake mbio, mikono ina povu hadi viwikoni. Aliiangalia ile alama kwenye ukuta wake, akamwangalia mkaguzi.

“Nani kawaita nyinyi?”

Mkaguzi hakuwa na nia mbaya. Alinyoosha kalamu tu, ikamwelekea Spana.

“Shemeji! Umekwenda kuita watu waje kutuvunjia?”

“Nilikwenda kushitaki.”

“Sasa si wamehukumu? Piga vigelegele basi.” Akarudi ndani, akabamiza mlango, na kwa ule mbamizo tofali jingine likadondoka chumbani kwa Spana.

Aliitwa fundi. Alikuwa fundi wa kila kitu, bati, lipu, mabomba, na kwa urefu wake mtaa mzima ulimwita Twiga. Alipanda darini bila hata kutafuta ngazi ndefu, akakaa huko kidogo, kisha akashuka ameshika kiuno. Alisimama chumbani kwa Spana mbele ya lile tundu, ili asikike pande zote mbili.

“Ukuta hauna kosa,” alisema. “Kosa ni gata, mfereji wa maji ya bati. Limeinamia katikati. Maji yote ya bati, ya huku na ya kule, yanakutana hapa juu ya ukuta, yanamwagika ndani. Mvua nzima inaingia humu.”

“Nani alilifunga hivyo?” Spana akauliza. “Nani huyo mjinga?”

Twiga alijikuna shingo, na ile shingo ilikuwa na sehemu nyingi za kukuna.

“Mimi, mzee.”

“Wewe?”

“Wewe si uliniambia nusu yako niiinamishe kwenda kule, kwa sababu mtaro wako umefunikwa?”

“Nilikwambia.”

“Nikainamisha. Mama huyu naye aliniita kabla yako, akaniambia nusu yake niiinamishe kuja huku, maji yasimwagike mlangoni mwa jiko lake. Nikainamisha.”

“Na hukuona kwamba yote yanakuja katikati?” Sauti ya Shemeji ilitokea tunduni.

“Niliona, mama.”

“Ukanyamaza?”

“Ningesema nini? Kila mtu kaniita kwenye nusu yake. Nikiwa kwako nikasema habari za kwa mzee, utaniambia nimetumwa. Nikiwa kwa mzee nikasema habari zako, ataniambia nala kwako. Nyinyi hamsemezani. Mimi ni nani niwaambie gata ni moja?”

Spana alitaka kumtukana, akatafuta tusi linalomfaa, akaona kila analolishika linamrudia mwenyewe.

Zamani gata lile halikuhitaji fundi. Kila mawingu yalipoanza kukaza, mkewe na dada yake walitoka uani na ndoo na stuli. Mmoja alimwaga maji juu, mwingine alisimama chini akiyafuata kwa kidole na kupiga kelele: yanakuja, yanakuja, yamekwama hapo, gonga! Walikuwa wakicheka hadi watu wanachungulia. Spana aliwasikia kila mwaka na hakuwahi kutoka kuona walichokuwa wanafanya. Aliona ni mambo ya wanawake. Baada ya mazishi kila upande ulimwita fundi kimyakimya, kila mmoja akijua nusu yake tu.

Mpango ulitengenezwa kupitia tundu. Twiga aliuchora sakafuni kwa msumari: ukuta unashushwa hadi msingi, unapanda mpya wa matofali ya saruji, nguzo ya zege katikati, gata linafungwa upya likiwa mlalo mmoja. Swali likawa linaelekea wapi. Spana alijiandaa kwa vita. Alikuwa na hotuba nzima kuhusu ofisi ya mji na zege lao.

“Liletwe huku kwangu,” Shemeji alisema. “Nitaweka pipa pale mlangoni, nitafulia. Upande wako maji yataingia mtaro gani, uliofukiwa? Hilo halina mjadala.”

Hotuba ikamfia Spana kinywani. Alikuwa amekaa na kinyongo cha miezi kadhaa, na kumbe kilichohitajika ni pipa.

“Sawa,” akasema. “Ahsante, Shemeji.”

“Usinishukuru, nina nguo nyingi.” Kisha akauchungulia mchoro kupitia tundu. “Hivi wewe Twiga, huo ukuta lazima usimame palepale?”

“Si lazima. Ukitaka hata usisimame kabisa. Naweka nguzo mbili na boriti, unapata sebule ya kufanyia harusi.”

“Harusi ya nani, nawe!”

“Yako, mama. Bado una nguvu za kufua.”

Shemeji alicheka, kicheko kilekile cha dada yake, kinachoanza puani. “Nauliza tu,” akasema. “Mtu huuliza.”

Spana hakucheka. Tangu dakika ile, kila alipoutazama ule mchoro wa sakafuni aliuona hauna mstari wa katikati.

“Jambo moja, mzee,” Twiga alisema, akijipangusa vumbi magotini. “Ukuta umelalia kwako. Kenchi zote, hizi mbao zilizobeba bati, nitazikinga kwa miti upande wako, humu chumbani na hapo sebuleni. Mchanga utapitia kwako, matofali yatapitia kwako. Itabidi utoke.”

“Nitoke vipi?”

“Utoke na vitu vyako vyote. Hadi nimalize.”

“Nitalala hapo uani, chini ya turubai.”

“Bati likishuka?”

“Likishuka limeshuka.”

“Likikushukia wewe, mimi ndiye nitakayelala ndani. Mzee, usiniletee kesi. Pangisha chumba hapo ng’ambo, ukae kama mgeni wa mjini. Kazi ikiisha utaitwa.”

Utaitwa. Spana alilitafuna neno hilo siku nzima. Ataitwa na nani? Mkewe angekuwepo, angesema “twende tukalale ng’ambo, tutarudi kwetu,” na neno hilo “kwetu” ndilo lililokuwa hati yake, ufunguo wake na ruhusa yake kwa miaka yote. Sasa halikuwa na msemaji. Mtu akikaa ndani, ni vigumu kumwambia toka. Inahitaji moyo mgumu, maneno makali, pengine mjumbe. Lakini aliyekwisha kutoka kwa miguu yake mwenyewe, na kitanda chake mgongoni, huyo hakuna haja ya kumwambia kitu. Unajenga tu. Na waliomfikisha hapo ni walewale, na kopo lao la rangi, ambao aliwafuata mwenyewe hadi ofisini. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kuwalaani hakukumpa nafuu.

Asubuhi ya kazi alifungua kitanda kwa spana yake, boliti moja moja, bila haraka. Twiga alikuwa uani akipanga miti ya kukingia. Shemeji alikuja bila kuitwa, amejifunga kanga kiunoni, akashika upande wa pili wa kabati.

“Hili lina mawe ndani?”

“Lina nguo zake.”

Walilibeba wakalitoa, wakilaumiana njiani kama wachukuzi: inua, shusha, kulia, kulia kwako au kwangu, wewe unatembeaje upandeupande kama kaa? Wakalifunika turubai. Vikafuata viti, jiko la mafuta, sanduku la vyuma, redio isiyosema. Kwa vitu vya maisha mazima vilikuwa vichache. Vilienea kwenye kona moja ya ua, na kuku wa jirani akaja kuvikagua. Chumba kikabaki kitupu. Alama za miguu ya kitanda zilionekana sakafuni, vishimo vinne vidogo.

Twiga alisimamisha miti, akaigonga kwa nyundo hadi ikalia, akajaribu kuitikisa, ikakataa. Akaridhika. Akachukua mtaimbo.

“Haya. Tusogee wote. Ukianza kushuka huu hauna salamu.”

Shemeji alisogea hadi mlango wa chumba. Spana alisogea hatua mbili, kisha akasimama. Aliona ncha ya mtaimbo ikiingia chini ya tofali la juu la lile tundu, akaona mabega ya Twiga yakikaza.

“Ngoja,” akasema.

“Mzee, mvua ile kule.”

“Ngoja kwanza.”

Kofia alikuwa ameivua bila kujua, akaishika tumboni kwa mikono miwili, kama alivyosimama siku ya kwanza mbele ya baba yao. Shemeji alimtazama, pindo la kanga mkononi, uso wake hausomeki. Kutoka barabarani zilisikika pikipiki, na mtu akicheka mbali. Twiga aliwaangalia, huyu kisha yule, kama mtu aliyeitwa tena kwenye nusu mbili, akauacha mtaimbo umesimama ukutani.

“Shemeji,” Spana alisema, “ukuta ukishasimama, mimi humu nitarudi kama nani?”