Sahani Haipiti Kwenye Nondo

Mume wangu Abdulsamad hali mbele ya watu. Nalitanguliza hilo ili nisije nikaonekana mke mkorofi tu. Ukorofi ninao, sikatai, lakini nina sababu zangu.

Duka letu liko hapahapa Tabata, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Ni duka la rejareja: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni. Mbele lina dirisha la nondo kama maduka yote ya huku. Mteja anasimama nje, muuzaji yuko ndani, na vitu vinapita kwenye uwazi mdogo chini ya nondo. Unapitisha mkate, unapitisha pakiti ya chumvi. Sahani ya wali haipiti.

Sasa marehemu baba mkwe alilea wanawe kwa sheria yake. Mtu akikukuta unakula, unamkaribisha, na ukimkaribisha uwe umekusudia. Karibu ya mdomoni, alikuwa akisema, ni uongo kama uongo mwingine. Watu wengine wanaambiana "karibu", wanajibiwa "starehe", na maisha yanaendelea. Abdulsamad hawezi. Afungue hotpoti, mteja atokee dirishani, atamwambia karibu, kisha atabaki anaitazama sahani na nondo, aone haya kama mtu aliyekamatwa anaiba. Kwa hiyo hafungui. Kila mchana napeleka chakula kwa mlango wa nyuma, na kila mchana ananijibu vilevile.

"Weka hapo, mama Walid. Nitakula wakipungua."

Hawapungui. Na siku wakipungua ndiyo hali kabisa, maana anakaa anawaza kwa nini wamepungua.

Mambo yaliharibika zaidi vijana wawili walipofungua duka ng'ambo ya barabara. Wana jokofu la vioo, wana muziki, wanauza mpaka vocha na chipsi. Abdulsamad akaanza kufungua mara tu akitoka kuswali alfajiri na kufunga wakati mtaa mzima umeshalala. Asubuhi anateremsha kahawa chungu tupu, bila hata kipande cha mkate. Mchana kahawa nyingine. Mgongo ukimuuma kwa kukaa, anameza vidonge vya maumivu alivyonunua duka la dawa, tumbo likiwa halina kitu. Akirudi nyumbani anakula cha mchana na cha usiku kwa mkupuo, anajitupa kitandani, na baada ya muda anaamka ameshika kifua. Kiungulia. Anashuka kutafuta soda ya baridi ili acheue, mimi nashuka nyuma yake, na asubuhi wote wawili tuna macho mekundu. Nilichoka. Nasema ukweli, nilichoka mpaka nikawa nasikia hasira hata kwa namna alivyokuwa anavua viatu.

Nilimwambia jambo jepesi tu. Mchana nikae mimi dukani, yeye aje nyumbani ale, ajinyooshe, arudi.

"Mama yangu hakukaa dirishani," akanijibu.

"Mama yako hakuwa na mume mwenye tumbo kama lako."

Akaingia bafuni kutawadha. Vijana wa kumsaidia aliwahi kuwa nao, akawa anasimama nyuma yao kutwa nzima mpaka wakaondoka wenyewe. Walid wetu yuko Muscat, ana kazi yake na watoto wake. Kwa hiyo duka lilibaki na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa anakula.

Alipoanza kukonda, nilimburuta kwa daktari. Si mzaha, nilimshika mkono barabarani kama mtoto wa chekechea. Zahanati ya mtaani kwetu ina daktari mmoja, Adelard, kijana wa Bukoba, ana upole wa kukufanya uone aibu kumdanganya. Mume wangu hakuiona aibu hiyo.

"Shikamoo mzee. Chakula unakula saa ngapi?"

"Marahaba. Nakula asubuhi, mchana na jioni."

"Muongo huyu, daktari," nikasema.

Abdulsamad akanigeukia. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumkatisha mbele ya mgeni, na mshtuko aliopata ulionekana mpaka masikioni. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaona nimalize. Nikaitaja kahawa, vidonge vya mgongo, wali wa usiku wa manane, hotpoti zinazorudi nyumbani zimejaa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu," akasema, "watu watakwambia mawazo ndiyo yanatoboa tumbo. Mawazo peke yake hayatoboi. Ila angalia yanavyokufanyia. Yanakunyima kula, yanakunyima usingizi, yanakupeleka kwenye kahawa. Tumbo lako linatoa asidi yake uwe umekula au hujala. Vidonge hivyo vya maumivu vinaondoa ule utando unaolikinga. Halafu usiku unalishindilia na kulala papo hapo, asidi inapanda juu. Hivyo vidonge uviache leo."

"Sawa."

"Choo chako kikoje? Hujaona cheusi, kama lami?"

"Hapana," akajibu, huku anaangalia kalenda ukutani.

Daktari akaandika aende hospitali kubwa akapigwe kipimo cha kushusha kamera tumboni. Abdulsamad akasema ataenda Ijumaa. Tulipofika nje akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akatoa leso na kujifuta uso.

"Umeniaibisha, Badriya."

"Aibu haitakuua. Hilo tumbo litakuua."

Ijumaa ilifika akasema mzigo wa unga unashushwa. Ijumaa iliyofuata akasema vijana wa ng'ambo wamepunguza bei ya mchele, hawezi kuondoka. Nikamnunia. Nikaacha kumsemesha, ila chakula niliendelea kupeleka, na yeye aliendelea kuniambia niweke hapo.

Ilikuwa mchana, niko jikoni nachambua mchele, nikamsikia Vaileth anapiga kelele kabla hajafika getini. Vaileth ni jirani, mama Gladness, mtu wa Mbeya, anauza vitumbua karibu na duka letu, kama mtaa mzima anamwita mume wangu Ami, na si mtu wa kupiga kelele ovyo.

"Bi Badriya! Ami kaanguka! Anatapika damu!"

Sikumbuki kama nilivaa viatu. Ninachokumbuka ni watu waliojaa dirishani, wote wameshika nondo, wanaita, "Ami! Ami!" Nikapenya katikati yao. Abdulsamad alikuwa chini kati ya magunia ya unga, kalala kiubavu, kanzu yake imeloa kifuani, damu nyeusi, nzito. Macho yalikuwa wazi. Aliniona. Mlango wa nyuma alikuwa ameufunga komeo kwa ndani kama kawaida yake, kwa kuogopa wezi. Tulikuwa tunamwona wote, karibu kiasi cha kumgusa, na hakuna aliyeweza kumfikia. Nilipitisha mkono kwenye uwazi wa chini mpaka bega likakwama. Nikamwita jina lake, si baba Walid, jina lake.

Hata wale vijana wa ng'ambo walikuja. Mmoja wao, Brightson, ndiye aliyeleta nyundo na kuvunja mlango, na ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari. Fulana yake ilijaa damu ya mume wangu. Nikapanda nyuma yao, nikasahau hata kumshukuru.

Hospitali walimwongeza damu, wakashusha kamera, wakakuta kidonda kinavuja, wakakiziba. Daktari wa pale, mama mmoja mkali, alimuuliza choo kimekuwa cheusi tangu lini. Safari hii hapakuwa na kalenda ya kuangalia.

"Tangu Rajabu," akasema, kwa sauti ndogo.

Na tulikuwa tunakaribia Ramadhani, karibu miezi miwili. Kumbe muda wote huo alikuwa anaingia chooni, anaona, anamwaga maji, anatoka, anakuja kuniambia hajambo. Nilitoka nje ya wodi. Nilisimama kwenye korido nikalia kwa hasira, na nesi aliyepita akanipa pole akidhani nimefiwa.

Alipokuwa amelazwa, duka nilifungua mimi. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijifunga mtandio wangu vizuri, nikakaa kwenye kile kiti chake chenye mto uliobonyea, nikapima sukari. Wateja walishangaa kidogo, kisha wakataka sukari yao. Wengine walikuwa wameshahamia ng'ambo na hawakurudi. Hilo nalo liliniuma, sitasema uongo. Nilianza kuelewa jinsi macho yanavyovuka barabara yenyewe, bila kutumwa, kila mtu anapopita bila kusimama.

Akaruhusiwa, akapewa dawa, akapewa masharti: kula kidogo kidogo, kwa saa zake, asilale na chakula, vidonge vya mgongo asiviguse tena. Na asifunge Ramadhani mwaka huu, atalipa akipona. Aliitikia kila kitu. Nilimjua, sikumwamini. Siku nyingi hazikupita, Ramadhani yenyewe haijaanza, nikaamka nikakuta upande wake wa kitanda umepoa. Ameshakwenda dukani. Mwanaume aliyekuwa hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Sikwenda kugombana. Nguvu za kugombana nilikuwa sina. Nilipika wali laini, samaki wa kuchemsha, mchicha, bila pilipili, bila ndimu. Adhana ya adhuhuri ikapita, nikabeba chakula nikaenda. Niliingia kwa mlango wa nyuma, ule mpya tuliouweka. Alikuwa kwenye kiti chake, amepauka, mkono mmoja tumboni, anampimia mtoto mafuta.

"Weka hapo, mama Walid," akasema. "Nitakula wakip..."

Nilingoja mtoto aondoke na chupa yake. Kisha nikavuta zile mbao za dirisha tunazofungia usiku, nikazishusha, nikaweka kufuli. Duka likawa giza. Nikawasha taa, nikatandika gazeti juu ya gunia, nikafungua hotpoti.

"Unafanya nini? Badriya, saa saba hii! Watoto wanarudi kutoka shule!"

"Hakuna anayekuona. Kula."

Alikaa kwa sababu alikuwa hana nguvu, si kwa sababu nimemwambia. Akasema bismillahi. Akatia tonge mdomoni, akalitafuna muda mrefu mno, kama mtu anayetafuna kadibodi. Nilikaa gunia la pili, nikala naye. Nilisikia jinsi alivyokuwa anahema, na nikajua kwamba hata hapo, pamoja na taa na mbao na mimi, hayuko na mimi, yuko nje.

Dirisha likagongwa.

"Ami! Ami, upo? Nusu kilo ya sukari!"

Akanyanyuka. Alinyanyuka haraka kuliko nilivyodhani anaweza, akajishika kwenye rafu, makopo yakagongana.

"Kaa," nikamwambia.

"Huyo mama Albano. Mteja wangu tangu enzi za baba. Akienda kule harudi, Badriya."

"Asirudi."

"Hujui unachosema. Hujui hata..."

"Asirudi, nimesema! Na wewe je? Wewe ukienda, utarudi?"

Sauti yangu ilikuwa kubwa, nadhani mama Albano aliisikia kule nje. Abdulsamad alibaki amesimama, mkono kwenye rafu. Uso wake ulianza kutetemeka kuanzia kidevuni. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yake. Alilia kimya, bila kuuficha uso, na mimi sikuinuka kwenda kumfuta, maana nilijua nikimgusa nitaanza mimi na hatutamaliza.

"Naogopa," akasema. "Nilipokuwa pale chini nawaona nyie wote dirishani, nilikuwa nawaza nani atafunga duka. Naingia kaburini, nawaza duka. Hilo ndilo linaniogopesha."

"Kaa ule, Abdulsamad."

Akakaa.

Mama Albano aligonga mara nyingine, akangoja, akasonya. Tukasikia ndala zake zinavuka barabara kuelekea kwenye muziki wa wale vijana, na mlango wa jokofu lao ukifunguliwa na kufungwa. Abdulsamad alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha. Kisha akachota wali.