Meno ya Difu ya Anti Damaris

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba Ijumaa hiyo mjini Awendo palifanyika uteuzi mzito kuliko wa askofu yeyote. Yaani, tulikuwa tunatafuta gia za difu ya nyuma ya pikapu ya anti yangu, Damaris, zile zinazozungusha magurudumu ya nyuma.

Zilivunjika kwenye tope la Kisegi, ufukweni mwa ziwa. Wanawake wanaouza omena, wale dagaa, huko walikuwa wameshamwonya: asipofika kesho alfajiri, nafasi yake ya kuchukua mzigo atapewa Filister, mchuuzi mwenzake. Na mvua ikinyesha, barabara ile haipitiki bila magurudumu yote manne kuvuta. Fundi Obare naye ni Msabato. Jua likizama Ijumaa, spana huwekwa chini hata kama gari liko juu ya jeki.

"Fundi, si uchukue tu yoyote inayoingia?" anti aliuliza, macho yamefumbwa. Alikuwa ameketi juu ya tairi tangu asubuhi.

"Mama Liz," Obare alimjibu anti, "difu ya mbele na ya nyuma ni ng'ombe wawili wa jembe moja. Mmoja akikimbia, nira inavunjika. Lazima meno yalingane na ya zamani."

Akatia alama ya chaki kwenye jino moja la gia kubwa iliyopasuka, akanipa niishike, pamoja na chaki. Akahesabu akiizunguka. Arobaini na moja.

"Wacha nirudie."

Hapo ndipo mimi, Cliff, msomi wa bweni, alipofika katikati ya hesabu, nilipofuta alama kwa kidole gumba na kuichora upya meno mawili mbele. Arobaini na tatu. Obare akajipangusa jasho.

"Cliff, omera, ndugu yangu, ni macho yangu ama ni hii jua?"

"Ni uzee, fundi," nilimjibu kwa huruma kubwa.

Akahesabu tena. Chaki ikasafiri tena. Arobaini na tatu.

"Mbili kwa moja," nikasema. "Kura zimeamua."

Akashusha pumzi, akachagua gia ya meno arobaini na tatu kutoka rundo la mitumba, akaingia chini ya gari. Mchana wote ukaishia huko. Alipotoka aliinua gari, akazungusha magurudumu. Ya mbele na ya nyuma hayakwenda pamoja.

Akaipakata gia ya zamani peke yake, akahesabu kimyakimya.

"Chuma hakioti meno," alisema polepole. "Nani alikuwa na chaki?"

Anti akafumbua macho. Hakufoka, angefoka ningepona. Nilikuwa na hotuba tayari kuhusu makosa ya viwandani. Nikamtazama miguu, tope la Kisegi bado limekaukia visiginoni.

"Ni mimi, Anti. Nilisogeza alama. Nilitaka tu kumwona akibishana na vidole vyake."

Jua lilikuwa limegusa miwa. Obare akaenda kunawa mikono.

Anti akanipa simu yake. "Mpigie Filister. Mwambie mzigo ni wake. Na umwambie kwa nini."

Ikaita kidogo tu.

"Anti Filister, habari ya jioni. Ni Cliff. Kuna kitu nimeharibu."