Kwetu Pombe Haiingii

…pombe, ati pombe, dokta mzima na miwani yake ananiuliza kama mtoto wa miaka tisa anapewa pombe nyumbani, ananiuliza mimi Fatuma, mke wa Uthmani, Muyinga nzima inajua kwetu hata chupa tupu ya bia haivuki kizingiti, astaghfirullah, tumetoka alfajiri kuja Gitega kutukanwa… na Yasmina wangu amelala pale kitandani, tumbo wazi, limepakwa ile dawa ya utelezi, dokta anatembeza kifaa chake huku anatazama kioo, "Mi nauliza kila mtu, Mama, usikasirike, ini yake iko na mafuta mengi," nisikasirike! ini la walevi hilo, la jirani yetu Yakobo aliyevimba tumbo kwa urwarwa, pombe yao ya ndizi, mpaka wakamzika, siyo la mtoto anayekwenda madrasa… "Si lazima pombe, Mama, sukari inatosha, hizi soda," loo, soda! soda ndiyo heshima yetu, harusini wenzetu wanavuta bia kwa mirija, sisi tunaletewa kreti ya soda na tunashukuru, Uthmani kila jioni akifunga duka anakuja na chupa mbili za binti yake, na ningemkataza vipi, si mawifi walinisema, ati mtoto amekonda, Fatuma anamnyima, basi nikamnywesha, nikamnywesha, akanona, wakanyamaza, nikapita naye sokoni kichwa juu… halafu shingo yake ikaanza kuwa nyeusi kwa nyuma, nikaisugua kwa sabuni na kitambaa, nikasugua mpaka akalia, nikamwita mchafu, ya Rabi, nilimwita mchafu, kumbe ni hiyo sukari… sasa hasira yote hii ya nani, ya dokta? mjinga Uthmani, wajinga mawifi, na mjinga kuliko wote ni mimi… "Yasmina, ukishikwa kiu nyumbani unakunywa nini?" na mtoto hamtazami dokta, ananitazama mimi, anachunguza uso wangu, anataka kujua nitapendezwa na jibu lipi, "Maji," anasema, maji! muongo we, muongo kwa ajili yangu, na dokta anaandika, kifaa bado kiko tumboni, mtoto wa miaka tisa ananifichia aibu kwa ini lake mwenyewe, fungua mdomo, Fatuma, fungua…