Maua Yaliyofungiwa Chini

Golandam alisimama pembeni mwa shamba, mikono kiunoni, amekasirika mpaka machozi yanamlengalenga. Mashamba ya jirani yote yalikuwa zambarau kwa maua ya zafarani. Lake, udongo mtupu!

Na alikuwa amefuata kila kitu. Alingoja baridi ishike ndipo akafungulia maji, maana ukiyafungulia mapema majani hutangulia maua. Ila siku za kuparua udongo uliokauka baada ya maji, ili maua yapate pa kupenya, homa ilimlaza kitandani.

"Shemeji, yamekufa hayo," alisema Esfandiar, kaka wa marehemu mumewe, huku anatafuna mbegu za tikiti. Shamba lilikuwa lao wote wawili, lakini neno la mwisho lilikuwa la Esfandiar. "Jumamosi naleta trekta, ning'oe vitunguu vyote vya zafarani, nipande milozi."

"Hayajafa!"

"Basi yako wapi? Yamekwenda Mashhad kuzuru kaburi la Imamu?"

Akaondoka anacheka. Golandam akachuchumaa, akachimba kwa kucha. Udongo ulikuwa umeshikana kama ukoko wa wali. Chini yake akakuta ua bado jeupe kwa kukosa jua, limepinda shingo, linatafuta pa kutokea. Pembeni akaona nyayo za kwato, tele, zimekaukia kwenye tope.

"Kondoo wa Esfandiar! Mimi nimelala na homa, yeye anawapitisha kwenye shamba bichi! Halafu ananicheka, mshenzi huyu!"

Akachukua reki. Alilipasua gamba lile polepole asije akakata vichwa vya maua, mgongo unawaka moto, anatukana tangu mwanzo wa tuta mpaka mwisho.

Ijumaa alfajiri, shamba lilikuwa zambarau tupu. Golandam alikuwa ameinama na kikapu chake Esfandiar alipotokea.

"Alaa! Kumbe shamba lina neema hivi!"

"Kondoo wako ndio walioligandamiza."

"Ah, shemeji, tuache hayo. Trekta haiji tena." Akaokota ua moja, akalinusa. "Ila mwakani nalisimamia mwenyewe. Shamba kama hili huwezi kumwachia mwanamke."

Golandam alitamani kumtupia kikapu usoni. Maneno yalimjaa kinywani, yote makali. Lakini jua lilikuwa linachungulia mlimani, na ua likishafunguka juani limeharibika. Akainama tena, akaendelea kuchuma. Hata nafasi ya kugombana hakuwa nayo.